Mheshimiwa, ile asilimia 3 yetu iko wapi? Barua ya wazi kuhusu elimu na ajira za wasioona

Kwako Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, ajira na watu wenye ulemavu,

Nakala: Waziri wa Elimu, wote mnaosimamia usaili wa kazi serikalini, na kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 kwenda juu, maana nyie ndo wahusika wakubwa humu.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU ELIMU NA AJIRA ZA WATU WASIOONA TANZANIA

Mheshimiwa, shikamoo.

Naandika hadharani kwa sababu njia ya ofisini nimeshaimaliza. Barua nilipeleka, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nikaambiwa nisubiri, nikapiga simu nikaambiwa faili liko mezani kwa bosi, mara bosi yuko safari, mara bosi karudi ila faili halionekani, yaani ikafika mahali mimi nisiyeona ndo nimebaki peke yangu ninayejua hilo faili lina nini ndani. Sijaja kumtukana mtu. Nakuheshimu wewe na kiti chako, ila ya moyoni leo nayasema, na kubwa ni ile asilimia 3 ya ajira ambayo sheria ya 2010 imewatengea watu wenye ulemavu.

Mimi ni mwanamke, sioni tangu utotoni, nina shahada ya ualimu, masomo yangu Historia na Kiswahili. Barua hii nimeichapa mwenyewe kwenye laptopu, kuna programu inanisomea kilichopo kwenye skrini. Nalitaja hilo mapema kwa sababu kila nikiandika kitu kirefu lazima atokee wa kuuliza kaandikiwa na nani.

Naanza na historia kidogo, nivumilie, ndo kazi niliyosomea hata kama sijaipata.

Shule ya kwanza ya wasioona nchini ni Buigiri pale Dodoma, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Walutheri wakaanzisha Irente kule Lushoto mwaka 1963, na Tabora nako kukawa na shule inayoitwa Furaha. Sasa zipime hizo tarehe. Nukta nundu, yaani maandishi yetu ya kusoma kwa vidole, alishazipanga kijana wa Kifaransa, Louis Braille, mwaka 1824 akiwa na miaka 15 na yeye mwenyewe haoni. Kwa hiyo zana ilikuwepo miaka zaidi ya 120 kabla mtoto wa Kigogo hajafunguliwa shule ya kuitumia, na waliomfungulia ni kanisa, sio serikali ya mkoloni. Hawa watu wa kanisa nawashukuru, bila wao nisingekuwa naandika. Ila ile tabia ya kuona elimu ya asiyeona ni sadaka ilianzia hapo na bado ipo, na sadaka haidaiwi, mtu akikupa sadaka huwezi kumuuliza mbona kidogo.

Baada ya uhuru mambo yalichangamka. Chama cha Wasioona, TLB, kikaundwa mwaka 1964, vijana wakaanza kupelekwa sekondari za kawaida kusoma na wenzao wanaoona, Mpwapwa, Korogwe na kwingineko, na kazi zikapatikana za aina tatu hivi. Waliosoma sana wakawa walimu. Waliosoma kiasi wakafundishwa swichibodi, ule mtambo wa kuunganisha simu za ofisi, wakawa wapokea simu maofisini. Waliobaki wakapewa vikapu na mikeka wasuke. Hao wapokea simu ni wazee wetu, tuwape heshima yao, mtu alikuwa anashika namba za ofisi nzima kichwani na bosi anamjua kwa kikohozi, na kwa mshahara huo akajenga na akasomesha. Ikaja miaka ya 90, mashirika ya umma yakabinafsishwa, zikaingia simu za kupiga moja kwa moja, kisha za mkononi, swichibodi ikafa. Ilivyokufa hakuna aliyekaa chini akauliza jamani wale watu wetu tuwafundishe nini sasa. Na hapo ndo ilipo hoja yangu kuu Mheshimiwa: kila zama anakuja mtu anayeona, anatuchagulia kazi moja anayodhani inatufaa, kazi ikifa sisi tunabaki barabarani, na hakuna anayehesabu tumebaki wangapi.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Hesabu ya asilimia 3 haijulikani.

Mwaka 1982, mwaka mmoja tu baada ya ule mwaka wa kimataifa wa walemavu, Bunge lilipitisha sheria ya ajira za watu wenye ulemavu, mwajiri mwenye watu 50 kwenda juu awe na asilimia 2 wenye ulemavu. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9, ikakaza zaidi: wafanyakazi 20 kwenda juu, asilimia 3. Kwenye karatasi safi kabisa. Sasa naomba uniambie, ni kampuni ipi, halmashauri ipi, benki ipi imefikisha hiyo 3? Ipi haijafikisha? Ipi imewahi kutozwa faini? Nikitafuta orodha hiyo siipati, nikiuliza naambiwa tunaendelea kuhamasisha waajiri. Kuhamasisha! TRA, watu wa kodi, nao wanahamasisha, ila nyuma ya matangazo yao kuna makadirio na kuna kufungiwa duka. Kwa nini sheria yetu tu ndo iwe ya kubembelezana?

Na hii njia kuna waliotutangulia. Uingereza walitunga sheria yao mwaka 1944, vita inaelekea ukingoni na askari wanarudi wamejeruhiwa, na namba zao zilikuwa hizi hizi zetu, mwajiri mwenye watu 20 kwenda juu, asilimia 3. Zilikuwepo hata kazi mbili zilizotengwa rasmi kwa walemavu, kuendesha lifti na kuangalia maegesho ya magari, unaona tena hiyo tabia ya kuchaguliana. Iliishaje? Mwajiri asiyefikisha alikuwa anaomba kibali anapewa, nusu karne nzima kesi zilizofika mahakamani ni kama 10 tu, na sheria mpya ya 1995 ikaufuta mgawo wenyewe. Sisi tumezichukua namba zilezile miaka 15 baada ya wenyewe kuzitupa. Sawa, namba hazina kosa. Kosa ni kwamba hata hizo kesi 10 sisi hatuna wa kutuonyesha.

2. Asilimia 3 hiyo imetuweka wote kapu moja.

Hapa naomba ndugu zangu wenye ulemavu mwingine wasinielewe vibaya, tunapigania kitu kimoja. Ila mwajiri akilazimishwa kuajiri mtu mwenye ulemavu atamtafuta yule ambaye hatalazimika kubadilisha chochote kwa ajili yake, anayechechemea kidogo, aliyekatika kidole, na asiyeona anakuwa wa mwisho kwenye foleni. India waliliona hilo, sheria yao ya 2016 imetenga asilimia 4 ya nafasi za serikali na ndani yake asilimia 1 ni ya wasioona na wenye uoni hafifu. Sisi kugawa tunashindwa nini?

3. Mlango wa kuombea kazi wenyewe umefungwa.

Siku hizi maombi yote mtandaoni, na mimi nafurahi kuliko mtu yeyote, maana fomu ya karatasi lazima nitafute wa kunijazia na huyo wa kunijazia lazima ajue umri wangu, alama zangu na nimeachika lini. Lakini tangazo linatoka kama PDF ambayo ni picha, mtu kaiskani karatasi kaipandisha hivyo hivyo, programu yangu ikifika hapo inakaa kimya kama vile hakuna kitu. Ukitaka kutuma maombi unaambiwa andika herufi unazoziona kwenye picha. Unazoziona! Ukiruka hapo ukaitwa, usaili wa maandishi unawekewa karatasi ya kawaida mezani.

Kuna kampuni moja siitaji, niliwaandikia mapema kwamba mimi sioni, wakajibu hamna shida karibu sana. Nafika, hamna nukta nundu, hamna kompyuta yenye programu, hamna msomaji, ikabidi aitwe mlinzi wa getini anisomee maswali. Yule kaka alijitahidi Mungu ambariki, ila maswali yalikuwa ya Kiingereza tena kile kigumu, na muda unaenda, na yeye huku anawaza geti lake. Halafu dada mmoja wa rasilimali watu akanieleza kwa huruma kabisa kwamba hata ningepita ingekuwa shida kwa sababu ofisi iko ghorofa ya nne na lifti mbovu. Dada yangu, miguu ninayo! Mimi ngazi napanda kuliko wewe.

Baraza la Mitihani kila mwaka linatoa mtihani wa kidato cha nne kwa nukta nundu. Kwa hiyo ujuzi upo nchini, wataalamu wapo, karatasi zipo, usaili wa watu thelathini unashindikana vipi?

4. Tulisamehewa hisabati.

Hili ni la Waziri wa Elimu na ndo linaniuma kuliko yote. Sisi wasioona wa kizazi changu, wengi wetu hisabati tuliiacha tulipoingia sekondari. Kipindi cha hesabu kikifika mnaambiwa nyie kapumzikeni, au mnakaa tu nyuma, mwalimu anaandika ubaoni anasema hii ukitoa hii unapata hii, na wewe hujui hii ni ipi na hii nyingine ni ipi. Tulifurahi, mtoto gani asiyefurahi kusamehewa hesabu. Hakuna mtu mzima aliyetuambia tunachokipoteza pale. Bila hisabati hakuna sayansi, bila sayansi unabaki na Historia, Kiswahili, Kiingereza, Jiografia kwa taabu maana ramani ya wino huwezi kuisoma kwa vidole, kwa hiyo wote tunatokea mlango uleule, walimu wa masomo ya sanaa na wanasheria wachache. Na nafasi za ualimu zikitangazwa kipaumbele ni hisabati na sayansi, wa sanaa tumejaa mtaani, wanaoona na tusioona. Ukitoka nje ya ualimu tangazo linasema awe na ufaulu wa Hisabati na Kiingereza, basi umeishia hapo. Kwa hiyo mwajiri akikwambia hapati wasioona wenye sifa, usimbishie, ni kweli, sifa zenyewe tulinyimwa tukiwa na miaka 14 na walionyima ni nyie.

Na sio kwamba haiwezekani. Abraham Nemeth, Mmarekani asiyeona na mwalimu wa hisabati chuo kikuu, alitengeneza mfumo wa nukta za hisabati mwaka 1952, Buigiri wakati huo ina miaka miwili. Abakasi ya wasioona, kifaa cha kuhesabia chenye shanga zisizoteleza ukizigusa, ipo tangu miaka ya 60. Kinachokosekana ni mwalimu wa kuvifundisha. Chuo cha Patandi kinatoa walimu wa elimu maalumu na ni wazuri, tunawajua, lakini anayejua nukta nundu na anayejua hisabati shuleni mara nyingi ni watu wawili tofauti, wanasalimiana koridoni kila mmoja anaenda darasani kwake.

5. Mkondo wa amali umekuja, na sisi hatujaulizwa.

Sera ya elimu toleo la 2023 imeleta mkondo wa amali sekondari, yaani kusomea ufundi na ujuzi wa kazi. Wazo zuri. Ila niambieni mapema, mtoto asiyeona akipelekwa huko atafundishwa nini? Kama jibu ni vikapu basi tumerudi pale pale. Hii programu ninayotumia sasa hivi inaitwa NVDA, waliianzisha mwaka 2006 vijana wawili wa Australia, Michael Curran na James Teh, wote wawili hawaoni. Kuandika programu nako ni amali. Na wale wanaopokea simu za wateja wa benki na mitandao ya simu, ile si swichibodi imerudi kwa jina jingine? Inataka masikio, ulimi, uvumilivu na kompyuta, vitu ambavyo wazee wetu walishaonyesha kwamba tunavyo. Mbona huko hatumo?

6. Mwalimu asiyeona akishaajiriwa anaachwa.

Anapangiwa kituo, hapewi mashine ya nukta nundu, hapewi msaidizi wa kumsomea madaftari ya wanafunzi, anamlipa mtoto wa jirani kutoka mfukoni mwake. Mwisho wa mwaka anaambiwa utendaji wake hauridhishi. Hapa sina la kuongeza.

Najua majibu yatakayokuja, nimeshayasikia, kwa hiyo tuyamalize hapa hapa.

Mtasema vifaa ni ghali. Zamani kweli, JAWS, programu nyingine ya kusomea skrini, ni ya kulipia na bei yake inaumiza. NVDA ni bure kabisa, unaipakua leo jioni kesho asubuhi mtu yuko kazini, na Kiswahili inasoma, sauti yake ni kama mtu anaongea akiwa ndani ya pipa lakini tumeizoea. Simu janja nyingi za Android zina TalkBack, programu ya kusoma skrini, humo humo ndani. Gharama ya kuniweka mimi ofisini ni kompyuta ileile ambayo ungempa anayeona.

Mtasema mbona fulani kafika. Hii ndo siipendi hata kidogo. Marehemu Dk. Elly Macha, asiyeona, alisoma mpaka udaktari Chuo Kikuu cha Leeds na akawa mbunge wa viti maalumu, alifariki mwaka 2017, Mungu amrehemu. Amon Mpanju, mwanasheria asiyeona, aliteuliwa kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Wizara ya Katiba na Sheria. Tunajivunia sana. Lakini mkiona kila kikao yanatajwa majina hayo hayo mawili matatu, jiulizeni kwa nini orodha haiongezeki.

Mtasema tumeridhia mikataba. Ndiyo, ule wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na wa Marrakesh mwaka 2020 unaoruhusu kitabu kigeuzwe nukta nundu au sauti bila kumsubiri mwenye hakimiliki. Nendeni shule yoyote yenye kitengo cha wasioona, ingieni maktaba, ulizeni tangu 2020 kimeingia kitabu gani kwa njia hiyo.

Na mtasema jiajirini. Mikopo ya halmashauri ile asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, wanawake 4, vijana 4, sisi wenye ulemavu 2, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, na hapo katikati wenye vibanda waliokuwa wanategemea mzunguko wa pili walifunga. Kujiajiri wanaambiwa wahitimu wote, najua. Ila mwenzangu anayeona akikosa mtaji anashika bodaboda ya mtu huku anasubiri. Mimi bodaboda naishikaje?

Sasa ninachoomba. Cha kwanza na kikubwa ni hesabu. Kila mwajiri anayeguswa na sheria ya 2010 aseme ana wafanyakazi wangapi, wenye ulemavu wangapi, na kati yao wasioona wangapi, na nyie muitoe hadharani kwa majina ya waajiri, taasisi za serikali zianze. Tafadhali isiwe PDF ya picha.

Cha pili, ndani ya asilimia 3 watengewe wasioona na wenye uoni hafifu fungu lao linalojulikana. Cha tatu, kanuni ya usaili iandikwe, mwombaji asiyeona achague mwenyewe kama anataka nukta nundu, kompyuta yenye programu au msomaji aliyeandaliwa, na tangazo lolote la kazi liwe maandishi yanayosomeka. Waziri wa Elimu, mtoto asiyeona aliyeko darasa la tatu leo asisamehewe hisabati, mfundishieni walimu, na sisi tuliokwisha kunyimwa hilo somo tusiwekewe sharti la kulifaulu kwenye kazi ambayo haina hesabu yoyote. Na kwenye amali, kabla hamjaamua tufundishwe nini mtuite wasioona wenyewe tukae meza moja, TLB ipo tangu 1964, ofisi yake mnaijua.

Tarehe 15 Oktoba ni Siku ya Fimbo Nyeupe. Siku hiyo huwa tunapewa fulana, kofia, fimbo na hotuba. Safari hii Mheshimiwa fulana tunakusamehe. Njoo na hiyo orodha, usome mbele yetu mwajiri mmoja baada ya mwingine, sisi tutakaa tusikilize hata ikichukua mchana kutwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu asiyeona, bado hana kituo
Morogoro